Nthiwa Awatafuta Wanachama Wake

Ukipita barabara ya Msambweni asubuhi, ukamwona mwanamke mfupi mwenye kofia ya ukili na buti za mpira, na mbwa wawili wakubwa wanamwandama bila kamba, jua huyo ndiye Nthiwa Muasya. Majirani humwita Mama Kalondu, kwa jina la bintiye. Wasiomjua humwita yule mama wa mbwa. Majina yote mawili huyaitika, ingawa la pili huliitika polepole kidogo.

Alizaliwa Shimba Hills, katika moja ya familia za Wakamba waliopewa mashamba huko na kugombana na ndovu tangu siku ya kwanza. Baba yake alifuga mbwa saba wasiokuwa na kabila wala adabu, na kama kuna mwaka mahindi ya mzee Muasya yalifika ghalani, basi ni kwa kelele za mbwa hao. Nthiwa alijua kumwita mbwa kwa mluzi kabla hajajua kusoma. Alipofika miaka ishirini alipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Haikupita miezi mitatu mbwa wa ulinzi wa hoteli hiyo akamgomea mshikaji wake, akawa kila siku anakwenda kulala mlangoni pa dobi. Meneja alitazama, akapima mambo, akamvua Nthiwa aproni na kumkabidhi mnyororo. Aliushika mnyororo huo miaka ishirini na miwili. Hoteli ilipofungwa wakati wa korona, wenzake walipewa barua. Yeye alipewa barua na mbwa wawili, na hadi leo huapa kwamba yeye ndiye aliyeondoka na cha maana.

Lakini habari tunayoitaka hapa ni ya chama chake, maana ndicho kilichotaka kumtoa roho.

Chama chenyewe kinaitwa Chama cha Wafugaji wa Shepadi, Pwani Kusini. Shepadi ni wale mbwa wa Kijerumani wenye masikio ya kusimama na mgongo mweusi, wanaomtazama mtu kana kwamba wanamtaka maelezo. Kilianzishwa na daktari mmoja wa mifugo aliyekuwa amestaafu Diani, na alipohama alimwachia Nthiwa ukatibu pamoja na daftari kubwa lenye jalada la kijani. Ndani ya daftari hilo ameandikwa kila shepadi aliyezaliwa kati ya Likoni na Vanga: mama yake, baba yake, nyanya na babu, nani aligongwa na nyoka, nani alihamia Kinango kulinda mbuzi. Kwa miaka tisa Nthiwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwakubwa zilizosimama wima. Analipenda daftari hilo jinsi mtu anavyolipenda shamba alilolifyeka mwenyewe.

Wanachama walikuwa arobaini na mmoja, na karibu wote ni watu wazuri. Kasoro yao ilikuwa moja tu: hawakuja mkutanoni. Na katiba ya chama, ambayo yule daktari aliiandika akiwa na hasira na watu gani sijui, ilisema waziwazi kwamba mkutano wa mwaka ukikosa akidi, yaani nusu ya wanachama na zaidi, kwa miaka mitatu mfululizo, chama kimekufa, na daftari litapelekwa makao makuu ya wafugaji wa mbwa, Nairobi. Nthiwa aliwahi kufika huko makao makuu. Aliliona kabati la chuma walimoweka madaftari ya vyama vilivyokufa, na juu ya kabati hilo aliona birika, maua ya plastiki na vumbi.

Mwaka wa kwanza wa balaa hili alitegemea simu. Aliandika katika kundi la WhatsApp: "Ndugu wanachama, mnaombwa kuhudhuria mkutano wa mwaka bila kukosa." Akajibiwa kwa vidole gumba thelathini na nane. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nthiwa aligundua kwamba hata thelathini na nane haviwezi, vikiwa vya kwenye simu. Siku ilipofika walikuja watu sita, na mmoja wao alikuwa amefuata harusi ya jirani akakosea ua.

Mwaka wa pili akajifunga kibwebwe. Alikwenda mlango kwa mlango, Ukunda, Gazi, Msambweni, hata Kikoneni, akaomba, akatania, akanywa chai za watu hadi tumbo likamwambia basi. Akauweka mkutano ufukweni Diani, maji yakiwa yamekupwa, mahali peupe pazuri. Na ili wageni wake wasione mbwa mchafu, aliamka akawaosha mbwa wote walioletwa na walinzi, mmoja baada ya mwingine, kwa sabuni ya kunukia, manyoya yakawa yanameta.

Wakaja watu ishirini na watatu. Nthiwa alipowahesabu alihisi miguu imekuwa myepesi. Akaamrisha mbwa walete heshima zao, wapite katikati ya wageni, na mbwa wakapita, wakijikung'uta kila hatua mbili kama ilivyo tabia ya mbwa aliyetoka kuogeshwa. Enzi zake za hotelini watalii walikuwa wakilifurahia jambo hilo na kupiga picha.

Kisha watu wakaanza kupungua. Bwana Swabir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ukunda, alitazama saa akasema amepata udhuru. Mwalimu Twaiba wa Msambweni akakumbuka mgonjwa. Wengine waliaga kwa maneno matamu kuliko hayo, mkono kifuani, "Allah akubariki, mama, umetuandalia vizuri," na huku wanarudi nyumanyuma wakiwa wameshika nguo zao wasizikanyage. Ilipofika saa sita, wakati wa kutia sahihi, walikuwa wamebaki kumi na mmoja.

Nthiwa alirudi nyumbani akiwa amevunjika moyo, na moyo ulipokwisha kuunga, ukaunga na hasira ndani. Alijiambia kwamba watu wa hapa hawapendi chama, wanapenda cheti cha uanachama tu, cha kuning'iniza dukani. Alilishika wazo hilo miezi tisa, na huenda angelishika hadi leo kama si mahamri.

Mwanatumu, jirani yake wa ua kwa ua, hupika mahamri na mbaazi za kuuza asubuhi. Ni Mdigo wa hapo hapo, mjane, mwenye ulimi mwepesi na mkono mzito wa iliki. Kwa miaka kumi amekuwa akimpelekea Nthiwa kifungua kinywa, lakini hawezi kuvuka lango mpaka mbwa wafungwe. Asubuhi moja, ikiwa imebaki miezi mitatu kufika mkutano wa tatu, aliketi kibarazani kwa Nthiwa akamsikiliza akiwalaumu wanachama. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Kalondu," alisema, "siku ile ufukweni, wale mbwa uliwaosha?"

"Niliwaosha vizuri. Tena kwa sabuni ya manukato."

"Wakawa majimaji?"

"Mbwa akioshwa atakuwa nini, Mwanatumu? Mkavu?"

Mwanatumu alishusha kikombe chake chini. "Basi uliwafukuza mwenyewe, dada yangu. Mbwa mkavu akipita karibu nami, nguo yangu kavu, sina neno naye. Lakini akiwa majimaji akanigusa, ama akanirushia maji yake, ama akanilamba, hiyo ni najisi nzito. Sina budi kupaosha mahali hapo mara saba, mara moja kwa udongo, ndipo niweze kuswali. Na wewe uliwachukua Waislamu wa watu, kanzu zao na mabuibui yao, ukawanyunyizia mbwa saa tano. Adhuhuri ndiyo hiyo inabisha hodi."

Nthiwa aliwaona tena mbele ya macho yake, wale waliokuwa wakirudi nyumanyuma, na mikono yao iliyoshika nguo.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Wakwambie nini? Mtu amekualika, ameandaa, ameamka alfajiri anasugua mbwa kwa ajili yako, anatabasamu. Utamwambia umeninajisi? Si ustaarabu. Unaaga, unaenda zako kuoga."

"Na wewe? Miaka kumi tunapakana, Mwanatumu."

"Nimekufungisha mbwa miaka kumi. Nilidhani wajua sababu." Mwanatumu alichukua kikombe chake tena. "Hukuniuliza."

Hapo Nthiwa alianza kucheka. Alicheka hadi akavua kofia, akajipepea nayo, kisha akalia kidogo, maana aibu nayo ilikuwepo. Miezi tisa alikuwa amewachukia watu kwa sababu ya sabuni. Mtu mwingine angejificha ndani wiki nzima. Nthiwa, ambaye baba yake alikabiliana na ndovu kwa debe na mwiko, alifunga kanga yake vizuri, akachukua daftari la kijani na kushika njia ya Ukunda siku hiyo hiyo.

Alimkuta Swabir nyuma ya kaunta, kati ya misumari na mabati. Swabir ni mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya vito isiyowahi kuonekana imekaa upande. Anafuga shepadi wawili wa kulinda yadi yake, Simba na Malaika, nao hutunzwa na mlinzi wake, Menza.

"Assalamu alaikum, Bwana Swabir," alisema Nthiwa, maana ingawa ni Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, amekulia Kwale na anajua mlango wa mtu unavyofunguliwa. "Nimekuja kuomba msamaha. Mwaka jana nilikumwagia maji ya mbwa."

Swabir aliinamisha macho akapanga kalamu zilizokuwa zimeshajipanga. "Hapana, mama, mimi nilikuwa na udhuru."

"Udhuru wenyewe nimeambiwa. Mwaka huu mbwa wataoshwa Alhamisi, mkutano Jumamosi, na watakaa upande wao wa kamba. Maji yao ya kunywa yatakuwa mbali na watu. Na nitaweka pipa la maji safi na karai la udongo, kwa yeyote atakayepatwa na ajali."

Sasa Swabir alimtazama. Ilionekana wazi kuwa amefarijika, na ilionekana vilevile kwamba bado kuna kitu. Nthiwa alikuwa ameshika wanyama maisha yake yote, alijua kungoja.

"Mama Kalondu, nitakwambia kweli," alisema Swabir mwishowe. "Nikija, nitafanya nini pale? Karatasi zako zasema mwenye mbwa amshike mbwa wake, amzungushe uwanjani. Mimi Simba hanijui. Ananijua kwa mlio wa gari. Mwenye kumlisha ni Menza, mwenye kumwita ni Menza. Nikimshika mimi mbele ya watu atanivuta mpaka kwa Menza, na nusu ya Ukunda itakuwa imeona."

Hilo nalo Nthiwa hakuwahi kulifikiria. Alifungua daftari juu ya kaunta ili apate cha kushika mikononi, akatafuta ukurasa wa Simba.

Swabir aliinama kusoma. Kidole chake kikaanza kushuka mstari kwa mstari. "Simba, mtoto wa Falko. Falko, mtoto wa Zita." Akasimama hapo. "Zita umeandika wa Kilifi. Si kweli. Zita alizaliwa Malindi, kwa marehemu ami yangu, mimi mwenyewe nilikuwepo. Na huyu mama yake humjui jina? Anaitwa Asali." Akachukua kalamu, kisha akakumbuka daftari si lake, akairudisha. "Samahani. Sisi kwetu nasaba haiandikwi ovyo. Mimi najua watu wangu hadi babu wa tisa."

Kulikuwa na mteja anangoja rangi. Swabir hakumwona.

Nthiwa alimtazama mtu huyu ambaye hakutaka kushika kamba ya mbwa, jinsi alivyolishika daftari kwa mikono miwili. Aliona, pale pale, kosa lake la miaka tisa. Alikuwa akiwaambia watu waje. Hakuwahi kumwambia mtu hata mmoja kwamba bila yeye kuna kitu hakitafanyika.

"Bwana Swabir," alisema, "Menza atamshika Simba. Nataka wewe usome nasaba. Mbwa wote, mmoja mmoja, wakiingia uwanjani. Mimi sauti sina, na jamaa za Malindi siwajui."

"Kwa majina yote?"

"Hadi nyanya wa nyanya."

Swabir alifikiri. "Lakini sitasema 'bin' wala 'binti'. Hiyo ni ya watu."

"Sema 'mtoto wa'."

"Sawa. Na huyu Asali mwandike sasa hivi nikiona."

Kuanzia siku hiyo Nthiwa hakutuma tena tangazo. Alikwenda kwa mtu na swali moja mkononi. Alikwenda kwa Beryl, mwenye saluni Ukunda, mtu wa bara anayejua kila uso uliopita kivukoni Likoni, akamwambia hakuna mwingine awezaye kusimama mlangoni na kumwita kila mgeni kwa jina lake. Beryl alikuwa na kitana mdomoni. "Hiyo niachie, mathe," alisema. "Watu ni kazi yangu. Lakini nitavaa ile dress yangu ya red, usiniulize." Alimpigia Thoya wa Kinango, mfugaji wa mbuzi, amlete shepadi wake awaonyeshe watu wa mjini mbwa anavyokusanya mifugo. Alipomweleza kwamba mbwa waje wakavu, Thoya alicheka muda mrefu. "Mama, huku maji ya kunywa binadamu twayafuata kwa punda. Mbwa wangu ni mkavu mwaka mzima." Na kwa walinzi wote aliandaa mashindano yao wenyewe, ya mlezi na mbwa amleaye, jambo ambalo katika karatasi za yule daktari halikuwepo na Nthiwa hakumwuliza mtu kama linaruhusiwa.

Mwalimu Twaiba ndiye aliyekuwa mgumu. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anafundisha historia sekondari, na shepadi wake aliachiwa na kaka yake aliyekwenda Ughaibuni. Nthiwa alimwomba apange ratiba ya siku. Twaiba aliipokea karatasi ya Nthiwa, akaisoma, akatoa kalamu nyekundu.

"Shikamoo yako haijapungua, Mama Kalondu," alisema, "lakini mkutano hauanzi kwa hotuba ya saa nzima. Na haya maneno 'bila kukosa' yaondoke. Mtu mzima haambiwi hivyo." Akakata, akapanga upya, akasogeza sahihi kutoka mwisho hadi mwanzo, mtu aingiapo tu. Nthiwa aliumia kidogo kwa ile hotuba yake. Alipofika nyumbani akaisoma ratiba mpya mara mbili, akakubali kwamba ni nzuri.

Siku ikafika, Jumamosi ya mwezi wa nane, katika shamba la minazi la Swabir huko Gazi, ambalo Swabir mwenyewe alilitoa baada ya kusema kwamba nasaba haisomwi mahali penye upepo wa bahari. Kamba zilifungwa kutoka mnazi hadi mnazi, mbwa huku, watu kule. Pipa la maji na karai la udongo vilikaa penye kivuli, na hakuna aliyevihitaji ila Beryl, aliyemwaga chai kwenye ile nguo yake nyekundu. Mwanatumu alikuja na ndoo mbili za mahamri, akaketi mbali sana na kamba, akatangaza kwamba yeye si mwanachama na mtu asimhesabu.

Kufikia saa tatu na nusu Beryl alikuwa ameshawaandika watu ishirini na mmoja, ambayo ndiyo akidi. Kufikia saa nne walikuwa ishirini na tisa. Nthiwa aliiangalia karatasi ya sahihi, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Chama kilikuwa hai. Alijificha nyuma ya gari la Thoya akapangusa uso.

Na ilikuwa siku ya kukumbukwa. Menza aliingia uwanjani amevaa shati la kupigwa pasi, Simba ubavuni kwake hatua kwa hatua, na Swabir akasimama juu ya kreti akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kukirimu watu: "Simba, mtoto wa Falko, mtoto wa Zita wa Malindi, mtoto wa Asali." Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Aliposoma mbwa wa tatu mtu akanyoosha mkono kusema huyo babu yake si huyo, akajibiwa na mwingine, wakabishana kwa adabu robo saa nzima, na Nthiwa akaandika masahihisho manne. Mbwa wa Thoya aliwakusanya mbuzi sita na mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa amevuka kamba kupiga picha.

Kabla ya adhuhuri wakaketi kwa mkutano wenyewe. Ajenda ya mwisho ilikuwa uchaguzi. Kila mwaka Nthiwa huiuliza akiwa tayari anakunja karatasi: anayetaka katibu aendelee? Watu sita huinua mikono huku wakitafuta viatu. Mwaka huu aliuliza hivyo hivyo, na Twaiba akasimama.

"Mama Kalondu, naomba radhi kwako, na kwa wazee waliopo," alisema. "Nafasi hiyo naitaka mimi."

Nthiwa alizishusha karatasi alizokuwa akizikunja. "Kuna nililokosea, mwalimu?"

"La, hasha. Tuliokosea ni sisi. Miaka yote nikiulizwa chama hiki ni cha nani, nimekuwa nikisema ni cha yule mama wa mbwa. Leo nimekipanga kwa mkono wangu, nimekiona kinakwenda, na sasa moyo haukubali kurudi kukaa nyuma. Nataka kiwe changu pia."

Swabir, kwa kuwa ndiye mwenye shamba, aliombwa ahesabu mikono. Waliomtaka Nthiwa walikuwa kumi na wawili. Waliomtaka Twaiba walikuwa kumi na saba, na mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wa Swabir mwenyewe, ambao hakuuficha.

Ilimuuma Nthiwa. Ilimuuma kifuani, mahali pamoja hasa, kama mtu aliyepigwa pembe na mbuzi. Akafikiri, na wazo hilo lilikuja likiwa limekamilika: wangekaa majumbani kwao leo, ningebaki katibu. Katibu wa kitu kilichokufa, wa daftari lililo ndani ya kabati la chuma, chini ya maua ya plastiki. Alilitazama wazo hilo vizuri. Kisha alilichukua daftari la kijani kwa mikono miwili, akampa Twaiba.

"Usiandike kwa wino wa bluu," alimwambia. "Unafifia."

"Nimesikia, mama."

Akageuka kutafuta mahali pa kukaa, na akatambua kwamba hajui pake. Kwa miaka tisa hakuwa na kiti upande wa wanachama. Swabir aliinuka akampa chake, yeye akasimama. Nthiwa aliketi kati ya Menza na Beryl, akaona kwa mara ya kwanza jinsi meza ya mbele inavyoonekana ukiwa umekaa, na jinsi anayesimama pale anavyoonekana mpweke.

Twaiba alifungua daftari. "Kabla hatujaondoka nina ombi," alisema. "Leo nimeona wenye mbwa wakiwaogopa mbwa wao wenyewe, na mimi nikiwa wa kwanza. Hapa hakuna ajuaye kusema na mbwa kama Mama Kalondu. Mama, nakuomba utufundishe."

Kwa miaka tisa Nthiwa alikuwa ameomba watu. Aliomba kwa simu, kwa miguu, kwa vikombe vya chai. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba yeye kitu, na hakujua kama alikuwa akilikosa jambo hilo mpaka lilipomfikia. Watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama, na hakuna aliyekuwa ameshika simu.

"Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi," alisema. "Saa mbili asubuhi. Na mje wenyewe. Menza ana kazi yake."

"Nikuandike mkufunzi wetu?" aliuliza Twaiba, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Niandike," alisema Nthiwa.